Cheti, Stashahada au Shahada: Tukanyage Kidato Tunachokifikia

Kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi nchini hugeuka mabaraza. Wajomba huitwa, mashangazi huja hata bila kuitwa, jirani aliyewahi kufanya kazi Nairobi huombwa maoni yake, na mtoto mwenyewe, ambaye ndiye atakayeishi na uamuzi huo, huketi pembeni akisikiliza majaliwa yake yakijadiliwa. Swali linaloulizwa aghalabu ni moja: "Ataingia chuo gani?" Ni nadra kulisikia swali ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kulitangulia hilo: "Ataanzia ngazi gani?"

Ni swali hilo la pili ninalotaka kulijadili leo, na sababu zangu si za kinadharia tu. Mimi ni mmoja wa wajomba hao wanaoitwa barazani, na ushauri wangu uliwahi kumpotezea kijana miaka miwili ya umri wake na kumwachia mama yake deni.

Mwaka 2015, mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, alipata alama ya D+ katika KCSE aliyoifanya mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Tangu utotoni alikuwa mpenzi wa mambo ya umeme. Redio zilizokufa za kijiji kizima zilikuwa zikiletwa kwake, na nyingi zilirudi kwa wenyewe zikiongea. Familia ilipokutana nyumbani kwa dada yangu karibu na Voi, hakuna aliyebisha kwamba kijana angesomea umeme. Kilichobishaniwa ni ngazi. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwapo alisema kwa upole kwamba aanze na cheti katika chuo cha kiufundi cha serikali. Dada yangu akanigeukia mimi. "Wewe ndiwe uliyesoma," akasema. "Sema nawe."

Nami nikasema. Nilisema kwamba cheti ni cha wale walioshindwa. Kwamba kijana mwenye akili kama yake anastahili diploma. Kwamba dunia ya leo haina nafasi ya vyeti. Niliyasema hayo bila ya kuchukua hata dakika kumi kuuliza masharti ya diploma ni yapi. Shahada zangu tatu zilinipa ujasiri ambao haukuwa na maarifa yoyote nyuma yake.

Chuo kimoja cha kibinafsi jijini, ambacho sina haja ya kukitaja, kilimpokea kwa mikono miwili. Kilimwandika katika diploma ya umeme bila ya kumuuliza lolote kuhusu D+ yake. Dada yangu aliuza mbuzi, akakopa katika chama, akalipa. Wakati wa kujisajili kwa mtihani wa kitaifa ulipofika, kijana aliambiwa kwamba alama yake haikufikia kiwango kilichowekwa, na kwamba asihofu, kwani chuo kingemtahini chenyewe na kumpa karatasi yake. Alihitimu mwaka 2017. Alivaa joho, tukapiga picha.

Miezi michache baadaye alikuja kwangu kutoka katika usaili wa kazi. Aliitoa ile karatasi katika bahasha, akaiweka mezani mbele yangu, akaniuliza bila ya ghadhabu yoyote: "Mjomba, hiki ni cheti cha nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na makala haya ni sehemu yake.

NENO LA MGEMA

Sisi wanaisimu tuna desturi ya kuyauliza maneno yalikotoka. Neno "kidato", ambalo kwa wanafunzi wetu lina maana ya darasa la sekondari, lilikuwa neno la mgema kabla halijawa neno la mwalimu. Vidato ni ile mikato inayotiwa katika shina la mnazi ili mgema apate mahali pa kukanyaga anapokwea. Mgema hauruki mnazi. Hutia mguu katika kidato anachokifikia, hujishikilia, kisha hutazama kinachofuata. Anayenyoosha mguu kupita urefu wake huanguka, na anayeanguka kutoka mnazini huanguka vibaya.

Mfumo wetu wa elimu baada ya sekondari una vidato vyake, na vimeandikwa katika sheria. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014 ilileta ngazi kumi ambazo kila cheti kinachotolewa nchini hupimwa kwazo. Cheti cha shule ya msingi kiko katika ngazi ya 1 na KCSE katika ngazi ya 2. Katikati zimo ngazi za ufundi: ngazi ya 4 ni ya mafunzo yanayoitwa artisani vyuoni, ngazi ya 5 ni ya cheti cha krafti, na ngazi ya 6 ni ya diploma, yaani stashahada. Shahada ya kwanza iko katika ngazi ya 7, uzamili katika ngazi ya 9, na uzamivu ndiyo kilele, ngazi ya 10.

Masharti ya kuingilia si siri. Kwa kawaida, anayetaka shahada sharti awe na C+ katika KCSE. Stashahada hudai C-. Cheti cha krafti hudai D. Mafunzo ya artisani humpokea hata aliyepata E. Nje ya vyuo yapo majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo huanza gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, na ambayo fundi wa jua kali anaweza kuyafanya kwa ujuzi alioupata kazini. Mpwa wangu, kwa D+ yake, alikuwa amekifikia kidato cha krafti na kukipita kidogo. Mimi nilimwambia anyooshe mguu hadi kidato cha juu yake, na wakawapo watu waliokuwa tayari kumuuzia hewa iliyokuwa katikati.

Tusidhani kwamba hali hii inawahusu wachache. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391 kati ya zaidi ya 960,000. Hao ni takriban robo. Mwaka 2016, baada ya udanganyifu katika mtihani kudhibitiwa, walikuwa 88,929 pekee. Kwa hiyo, kila mwaka, watoto wapatao watatu kati ya wanne humaliza sekondari bila ya alama ya kuingilia chuo kikuu. Ajabu ni kwamba mazungumzo yetu yote, shuleni, kanisani, msikitini, redioni na hata katika safu kama hii, huwa juu ya yule mmoja. Wale watatu huambiwa kwamba "wajaribu polytechnic". Hawaambiwi polytechnic ipi, kozi ipi, wala ngazi ipi.

LUGHA INAYODHALILISHA

Lugha tunayoitumia kuzungumzia mambo haya ina lawama zake. Sikiliza vitenzi. Mtoto "anajiunga" na chuo kikuu, lakini "anaangukia" cheti. "Anaitwa" chuo kikuu, lakini "anapelekwa" chuo cha ufundi, kama mzigo. Aliyepata D+ "ameanguka", hata kama D+ hiyo inamfungulia mlango wa kazi ambayo mwenye B hataiweza. Kabla mtoto hajaichagua ngazi yake, lugha ya wazazi wake imekwisha kumchagulia aibu.

Litazame pia neno "fundi". Katika Kiswahili cha asili, hili ni neno la heshima. Fundi ni bingwa, awe wa kuunda jahazi, wa kuchonga milango au wa kutunga mashairi. Kijana alipelekwa kwa fundi akawa mwanagenzi, akabeba zana, akatazama, akakosea, akakemewa, hata siku moja fundi akamwachia kazi nzima aifanye peke yake. Hapakuwa na njia ya mkato ya kuufikia ufundi. Leo, katika miji yetu, fundi ni mtu anayeingia kwa lango la nyuma na ambaye malipo yake hubishaniwa baada ya kazi kwisha. Tumelishusha neno, kisha tunashangaa kwamba watoto wetu hawataki kuitwa kwalo.

Neno "cheti" nalo lina tatizo la namna nyingine. Ni pana mno. Karatasi ya semina ya siku mbili ni cheti, na mafunzo ya krafti ya miaka miwili pia hutoa cheti. Kwa hiyo mzazi anaposikia "cheti", hawezi kujua anaambiwa juu ya kitu cha uzito gani. Wenzetu wa Tanzania wamejitahidi kulipunguza tatizo hili kwa kuyatumia maneno "astashahada" na "stashahada" katika mfumo wao wa elimu ya ufundi, na kila moja lina ngazi yake. Hapa kwetu maneno hayo yamebaki katika mitihani ya Kiswahili, ilhali matangazo ya vyuo yanajaa majina ya kutungwa ambayo hayamo katika ngazi yoyote ya sheria. Ukisoma bango la chuo likikupa "cheti cha juu cha kimataifa" au "diploma maalumu ya haraka", uliza ni ngazi ya ngapi kati ya zile kumi. Jibu likichelewa, shika njia yako.

KIU YA SHAHADA ILITOKA WAPI?

Haitakuwa haki kumlaumu mzazi peke yake. Kiu hii ya shahada ina historia. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule wanakwenda wapi, na kutokana na fikra hizo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katika miaka ya sabini wananchi walichanga harambee kujenga vyuo vya teknolojia katika sehemu mbalimbali za nchi. Wakati huo, stashahada ya Egerton au ya Kenya Polytechnic ilikuwa kitu cha kujivunia katika tarafa nzima.

Kisha vyuo hivyo vikaanza kupandishwa hadhi kimoja baada ya kingine. Egerton, iliyoanza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Juja kilichoanza kufundisha mwaka 1981 kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Kenya Polytechnic, iliyokuwapo tangu 1961, na mwenzake wa Mombasa, zikawa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Baadhi ya vyuo vya harambee navyo vilifuata njia hiyohiyo. Vingi kati ya hivi vinaendelea kutoa stashahada, na serikali imejenga taasisi nyingi mpya za kiufundi katika maeneo bunge na kuteua vyuo anuwai vingine kuwa vya kitaifa, kama vile vya Kisumu na Eldoret. Hata hivyo, ujumbe uliomfikia mwananchi ulikuwa mmoja: kitu kizuri hakibaki cheti, kikiwa kizuri kweli hugeuzwa kuwa shahada.

Waajiri nao wakayatia mambo chumvi. Kazi ya kupokea wageni ofisini, ambayo zamani ilifanywa barabara na mwenye cheti, leo hutangazwa ikidai shahada, si kwa sababu simu imekuwa ngumu kupokea, bali kwa sababu shahada zimekuwa nyingi na mwajiri anatafuta namna ya kupunguza rundo la barua. Mzazi anayesoma matangazo hayo hana makosa anapohitimisha kwamba bila shahada mtoto wake hatakula.

Lakini mimi nimo ndani ya chuo kikuu, na ninayaona yanayotokea upande wa pili. Kila mwaka ninawapokea katika darasa la isimu vijana ambao hawakuiomba isimu wala hawajui ni nini. Waliletwa kwa kuwa walikuwa na C+ na nafasi ilikuwapo. Wako wanaoamka na kuipenda, nami hufurahi. Wako wengine ambao kwa miaka minne hukaa nyuma ya ukumbi wakiusubiri mwisho. Nimekutana na mmoja wao miaka miwili baada ya kuhitimu. Alikuwa akisomea upishi katika chuo cha kiufundi, katika ngazi ya krafti. Aliniambia kwamba hicho ndicho alichokitaka tangu Kidato cha Tatu, ila nyumbani walimwambia haiwezekani mtu aikatae shahada akachague sufuria. Shahada yake ya miaka minne ilikuwa gharama ya kuwaridhisha watu wengine.

Kosa laweza pia kuelekea upande wa pili. Wako watoto, hasa wasichana wa familia maskini, wenye alama za kutosha kuingia chuo kikuu, ambao huelekezwa katika kozi fupi kwa kuwa "zinalipa haraka". Nawasihi wazazi hao wakumbuke kwamba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, na vilevile wa vyuo vya kiufundi vya umma. Umaskini usiwe ndio unaomchagulia mtoto ngazi kabla mikopo hiyo haijaombwa. Kuchagua ngazi ifaayo si kuchagua ya chini. Ni kuchagua ile ambayo mguu unaifikia na ambayo inaelekea kule unakotaka kwenda.

NGAZI ILIYOVUNJIKA MAHALI

Sasa nije kwenye jambo gumu. Wanaoitetea elimu ya ufundi huwaambia vijana kwamba wanaweza kuanzia popote na kufika kileleni. Kimsingi hilo ni kweli, na mifano ipo. Muuguzi aliyeanza na cheti anaweza kurudi chuoni kuongeza ujuzi akapata stashahada, na baadaye shahada. Hospitali zetu zimejaa watu wa aina hiyo, na Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, kilichoanza mwaka 1927, kimewalea wengi wao. Katika uhasibu, mwenye C- hawezi kuanza CPA moja kwa moja, lakini anaweza kuanza na stashahada ya ufundi wa hesabu inayotahiniwa na KASNEB, akiimaliza akaingia CPA na kusimama sako kwa bako na aliyeanza juu. Katika uhandisi, sheria ya mwaka 2016 iliunda bodi inayowasajili mafundi sanifu na wanateknolojia kwa haki yao wenyewe, mbali na bodi ya wahandisi.

Hata hivyo, ngazi hii imevunjika mahali fulani, na kijana ana haki ya kuambiwa kabla hajapanda. Kwanza, kuna taaluma ambazo huangalia nyuma. Tume ya Huduma za Walimu, kwa mfano, kwa kawaida humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe pia na C+ katika KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayoyafundisha. Mtu aliyepata C akapanda kwa stashahada hadi shahada ya ualimu anaweza kujikuta ana shahada mkononi na mlango umefungwa. Katika sheria, suala la kama mtu aliyepanda ngazi kutoka chini anaweza kukubaliwa katika Shule ya Sheria limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Pili, vyuo vikuu vyetu, changu kikiwa kimojawapo, hatukubaliani juu ya namna ya kuyatambua masomo ambayo mtu ameyafanya katika stashahada. Chuo kimoja humwingiza mwenye stashahada mwaka wa pili. Kingine humwanzisha upya kama aliyetoka sekondari jana. Mtu mzima mwenye miaka mitatu ya masomo na mitano ya kazi huketi akifundishwa mambo ambayo angeweza kuyafundisha yeye.

Hili ni kosa letu sisi wa vyuo vikuu. Hatuwezi kuwahimiza vijana waanzie chini ilhali sisi wenyewe tunaling'oa daraja la kuwavusha. Seneti zetu zina uwezo wa kulirekebisha, na mfumo wa kitaifa wa sifa uliwekwa kwa ajili hiyohiyo. Kinachokosekana si sheria. Ni unyenyekevu wa kukubali kwamba maarifa yanaweza kupatikana nje ya kumbi zetu.

MASWALI MATANO

Kwa mzazi au kijana anayesoma makala haya akiwa na karatasi ya matokeo mkononi, nina maswali matano ambayo laiti ningeyauliza mwaka 2015.

La kwanza: Je, alama zinafika? Usitazame wastani pekee. Kozi nyingi hudai alama fulani katika somo fulani. Mwenye C- ya wastani lakini E katika hisabati anaweza kukataliwa katika stashahada ya umeme, na afadhali ayajue hayo leo kuliko baada ya kulipa karo.

La pili: Kazi ninayoitaka inadai nini kisheria? Usimuulize mwenye chuo. Muulize anayetoa leseni. Uuguzi, uhandisi, ualimu, uwakili, uhasibu, kufunga umeme wa majumbani, zote zina mamlaka inayoandika masharti. Ikiwa kazi inahitaji ngazi ya 5, miaka ya ziada ni hiari yako. Ikiwa inahitaji ngazi ya 7, ujue mapema kwamba safari ni ndefu.

La tatu: Je, chuo hiki kimeruhusiwa kufundisha kozi hii katika ngazi hii, na ni nani atakayeitahini? Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kutoa vyeti vya krafti na kisiwe na kibali cha stashahada. Vyuo vya kiufundi husimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ukiambiwa kwamba chuo cha kiufundi cha kibinafsi ndicho kitakachofundisha, kitakachotahini na kitakachotoa cheti, pasipo mtu wa nje kuangalia, kumbuka swali la mpwa wangu.

La nne: Baada ya kidato hiki, kinachofuata kiko wapi? Uliza, kabla ya kuingia, ni vyuo gani huwapokea wahitimu wa kozi hiyo na huwaingiza mwaka wa ngapi. Ukipata majibu kwa maandishi, bora zaidi.

La tano: Nani atalipa hadi mwisho? Kozi ya miaka minne iliyoachwa mwaka wa pili kwa kukosa karo haimpi mtu lolote. Krafti ya miaka miwili iliyokamilishwa humpa kazi, na kazi hiyo inaweza kumlipia stashahada. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao, hata ukiwa mdogo, unakalika.

Maswali haya yatakuwa mazito zaidi miaka ijayo. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya mtihani wake wa Gredi ya 9 mwaka 2025, na watoto hao walitakiwa kuchagua mkondo wa masomo wakiwa na umri mdogo. Walimu wa ushauri, ambao katika shule nyingi ni mwalimu mmoja aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake, hawatoshi. Wizara ya Elimu ingefanya jambo la maana kama ingechapisha kijitabu kimoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa sokoni, kinachozieleza ngazi kumi, masharti ya kila moja, na njia ya kutoka moja hadi nyingine, kikafika katika kila shule kabla ya matokeo, si baada yake.

Nimalizie nilikoanzia. Mpwa wangu aliingia chuo cha kiufundi cha serikali mwishoni mwa mwaka 2017 kusomea cheti cha krafti, kilekile alichokitaja yule mwalimu mstaafu. Alikaa darasani na wavulana waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mitatu. Alipohitimu alifanya kazi kwa muda, kisha akaendelea na stashahada, na safari hii mtihani wake ulikuwa wa kitaifa. Leo hufunga na kutengeneza pampu za visima huko Kajiado, na mwaka jana alimaliza kumlipia mama yake lile deni la chama. Sikumsaidia kwa mengi, ila karo ya muhula wa kwanza wa krafti niliilipa mimi. Ilikuwa haki.

Mdogo wake wa kike yuko Kidato cha Nne sasa. Hivi karibuni dada yangu alinipigia simu kuniarifu kwamba baraza litakaa tena, na kwamba natarajiwa. Nimemwambia nitakuja, lakini kwamba safari hii wamwite pia yule mwalimu mstaafu, naye azungumze kabla yangu. Na kabla yetu sote, azungumze msichana mwenyewe.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja nchini.